Mtumbwi Ambao Haukunywa Maji

Nakumbuka siku ile ghuba ilivyolala kimya katikati ya vilima vya Uzinza, nami ni msichana mwenye mikono ya chuma na kichwa cha jiwe. Mwanangu, kupiga kafi nilijua. Hata wavulana niliwaacha nyuma, na sioni haya kujisifu, maana wenyewe wameshakufa, hakuna wa kunibishia.

Miaka hiyo watu walikuwa wameanza kutoboa vilima kutafuta dhahabu, lakini dhahabu yetu sisi ilikuwa mtama. Binti wa shangazi yangu, Kabula, alikuja kutoka ng'ambo kwa miguu, akiizunguka ghuba nzima, kuomba mbegu. Za kwao zilikuwa zimeliwa na wadudu, na mvua ilishaanza. Babu akashusha masuke yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa moshi, akampa yote yaliyobaki, vikapu viwili. Akasema nimvushe kesho, kwa kuwa mtumbwi lazima unywe maji kwanza.

Wewe wa siku hizi labda hujui. Mtumbwi wetu ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa kamba. Ukikaa juani, mbao husinyaa na mishono hulegea. Kwa hiyo kabla ya safari huzamishwa ufukweni, ukajazwa mawe, ukalala humo mpaka mbao zivimbe na kubanana.

Babu alipokwenda malishoni, mimi nikaona kushinda nikitazama ubao ukinywa maji ni upuuzi, nikausukuma mtumbwi majini na vikapu ndani. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nilikuwa nimeisikia hiyo tangu utotoni, ikipita sikio hili ikitokea lile. Kabula akanikumbusha kauli ya babu.

“Babu mzee huyo, kwake kila kitu kesho,” nikamwambia. “Kama unaogopa maji, baki uoshe vyungu.”

Akapanda.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Vilima vilijitazama majini, nami nikiimba kwa majivuno. Tulipofika katikati nikahisi baridi miguuni. Mishono ilikuwa ikiingiza maji kila upande. Kabula akachota kwa kibuyu na kumwaga nje, nami nikavuta kafi mpaka mabega yakawaka moto, lakini maji yakazidi kupanda. Ilibidi mzigo upungue. Nikamwambia atupe vikapu. Cha kwanza akakitupa. Cha pili akakikumbatia kama mtoto mchanga.

“Dada, mama atapanda nini?”

Nilimnyang'anya, nikakitupa mwenyewe.

Shangazi alitupokea ufukweni, tumelowa, mikono mitupu. Alitufunika kwa nguo zake, akatupikia uji, hakuuliza neno. Mimi nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alivyonyamaza, nami nikanyamaza, nikajidanganya kwamba yamekwisha. Babu ndiye aliyenipa langu niliporudi. Hakupaza sauti, alisema tu kwamba mtumbwi una subira kuliko mimi.

Mwaka ule shamba la shangazi liliota majani matupu. Mumewe akaenda machimboni, naye akamfuata na watoto, akawa anawapikia wachimbaji. Nikasema moyoni nitakwenda kumwomba radhi baada ya mavuno. Kisha baada ya harusi yangu. Kisha mtoto akishaachishwa ziwa. Siku moja Kabula akaja amefunga kitambaa cheusi, wameshamzika shangazi huko huko machimboni. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kunitaja.

“Alikuwa akiuliza,” akasema, “mbona haji?”

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, na mbegu iliyozama haiokotwi. Ningeweza kukuambia usiwe na haraka, ukaniitikia tu kama nilivyomwitikia babu. Basi sikia na hili. Kazi yenye kutaka kungojwa ingoje, hata kama mikono inakuwasha. Lakini ukimkosea mtu, usingoje hata kidogo. Nenda siku ile ile, na aibu yako usoni, useme nimekosa. Wala usidhani aliyenyamaza amekusamehe. Huenda amekaa anakusubiri.

Mungu akupe mkono wenye subira na mguu mwepesi wa kwenda kuomba radhi, na kila mlango utakaoubisha, umkute mwenyewe yu hai wa kukufungulia.