Picha Iliyosubiri Jina

Kosa langu la mwanzo kazini lilikuwa usafi. Nilikataa kupandisha picha kwenye wingu kabla hazijapewa majina sahihi. Kosa hili nimewaeleza watu wengi, na kila mara nimetafuta maneno ya kulifanya lionekane dogo. Hapa nitalieleza kama lilivyokuwa.

Tonton, mdogo wake mama yangu, ana studio ya picha katika mtaa wa Makiso, kwenye njia inayoshuka mtoni. Ni chumba kimoja: pazia la buluu, kiti cha kuzunguka, taa za kupigia picha, mashine ya kuchapa na kompyuta. Anayeingia akidhani kwamba tunaishi kwa picha za pasipoti na za arusi anakosea. Studio inaishi kwa matanga. Mtu akifa mjini kwetu, familia inataka picha yake kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, na nyingine ya kuchapa kwenye fulana. Baadaye, siku ya kuanua matanga, wanairudia tena, kwa sababu ile ya kwanza imechakaa au imebebwa na ndugu wa upande wa pili. Ndiyo maana tonton hakuwahi kufuta picha ya mtu. Watu waliijua studio kwa hilo kuliko kwa uzuri wa kazi yetu.

Mimi niliingia kama mtu wa kompyuta. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za intaneti, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa kuharibu mashine za rafiki zangu. Mtu aliyejifunza peke yake, walau mtu wa namna yangu, huishi akingojea siku ambayo mwenye diploma ataingia, ataangalia kazi yake, na kucheka. Nikishafunga mlango nilirudi kuujaribu. Ujumbe mfupi wa simu niliusoma na kuusoma tena kabla ya kuutuma, na ukishakwenda niliusoma tena nikitafuta kosa.

Katika video hizo nilijifunza kwamba biashara isiyokuwa na nakala mahali pengine inaweza kwisha kwa siku moja. Nikamweleza tonton. Tutaweka nakala za picha zote kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa za watu walio mbali, kupitia intaneti. Studio ikiungua au ikiibiwa, tutatafuta mashine nyingine, tutaingiza neno la siri, na picha zitarudi.

"Kwa mawingu?" akauliza.

"Ndiyo, tonton."

"Bon. Na mvua ikinyesha? Watu ya Lubunga, ngambo ya mto, wataamka asubuhi, wanaokota mabibi-arusi yangu kwa matope?"

Fundi viatu anayekaa mlangoni petu alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mimi wakiniangusha, waniangushe siku ya jua," akasema. "Sitaki rhume, sitaki mafua."

"Tonton, si wingu la mvua."

"Najua, papa," akasema, jina analoniita akinibembeleza. "Nakuchokoza tu. Fanya."

Nikafungua akaunti, nikaunganisha kompyuta, na hapo ndipo nilipoziona picha zetu kama mgeni angeziona. Nyingi zilikuwa na namba zilizotolewa na kamera. Nyingine tonton mwenyewe alikuwa amezipa majina: "mariage", yaani arusi, "mariage bon", "mariage bon ya kweli". Niliona aibu, kana kwamba wale watu wa mbali wangefungua folda zetu na kutucheka. Nikaamua kwamba hakuna kitakachopanda kabla hakijawa na jina la mtu, jina la baba yake, na mwaka. Zilizokamilika ziliingia kwenye folda inayopanda yenyewe. Nyingine zote niliziweka kwenye folda niliyoiita "Kusubiri", na hiyo sikuiunganisha na wingu.

Kila alasiri, wateja wakipungua, tonton alivuta kiti karibu nami. Nilimfungulia sura moja baada ya nyingine, naye alitaja majina. Hakuwa mwepesi. Kila sura ilikuwa na habari yake: huyu aliolewa Yangambi na mtu wa utafiti wa mbegu, yule alimkimbia mchumba siku ya arusi na ndiyo maana picha ni za asubuhi tu. Mimi nilitaka herufi. Ni "k" au "c"? Ni "u" au "ou"? Akisema hajui, picha ilirudi Kusubiri.

Mojawapo ya alasiri hizo aliingia mama wa makayabu. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, kwa sababu aliuza samaki wa chumvi sokoni Mangobo. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekufa kwa homa mwaka huohuo, akijiandaa kwa mtihani wa serikali. Kabla ya kuugua alikuja kwetu kupiga picha ndogo ya dossier, jalada lake la shule, na hiyo ndiyo tonton aliyoikuza kwa ajili ya mazishi.

"Ile ya mazishi ilinyeshewa," mama alisema. "Bati inavuja. Iko sasa madoa tu, macho hakuna, kinywa hakuna. Na simu yenye ilikuwa na zake zingine, waliiba kwa soko. Donc kuko nyinyi tu. Iko kwenu bado, hein?"

"Iko, mama," tonton akajibu. "Hapa hatufuti mutu."

"Tutatoa matanga kisha Pasaka kupita. Nitarudi kuchukua picha kabla."

"Unataka umuone sasa? Huyu kijana atafungua."

Mama alikwishageuza uso. "Hapana. Leo hapana. Nitamuona ile siku."

Alipoondoka niliitafuta picha, nikaipata. Nikamwuliza tonton jina. Alijikuna kichwa. Alijua jina la nyumbani, si la shule, na jina la baba hakulijua kabisa.

"Andika 'mutoto wa mama ya makayabu'," akasema.

"Hilo si jina la faili, tonton."

"Si ndivyo tunamuita?"

"Nikianza kuandika hivyo, kesho tutakuwa na mama wa makayabu watatu."

"Basi mufuate umuulize."

Sikumfuata. Niliona ni vigumu kumsimamisha mama njiani na kumwuliza jinsi ya kuandika jina la mtoto wake aliyekufa. Nilijiambia kwamba atarudi kabla ya Pasaka, nami nitamwuliza kwa upole, akiwa amekaa. Picha ya mtoto ikaingia Kusubiri. Nakumbuka kwamba niliridhika. Folda inayopanda ilikuwa safi.

Siku ya msiba wetu mvua ilinyesha kuanzia asubuhi na umeme ukakatika. Mchana ukarudi, ukaondoka, ukarudi tena kwa nguvu hata taa zote zikawaka nyeupe. Kitu kililia ndani ya onduleur, kile kisanduku cha betri kinachoilinda kompyuta, kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Tonton alichomoa waya kwa kupiga teke. Alikuwa amechelewa.

Tulikuwa na diski ya nje pia, yenye nakala ya kila kitu, pamoja na folda ya Kusubiri. Tonton alikuwa na desturi ya kuichomoa kila anapomaliza na kuitia mfukoni. Mimi ndimi niliyemwambia aache. Waya zilizokuwa zikining'inia zilinisumbua, kwa hiyo nilizifunga kwa nyuma, nikaiweka diski mgongoni mwa kompyuta isikoonekana, imechomekwa muda wote. Ikaungua nayo.

Tulibeba vyote viwili kwa pikipiki hadi kwa fundi wa upande wa soko kuu. Aliifungua diski, akainusa kama mtu anayenusa nyama, akatikisa kichwa. "Hii imepikwa," akasema.

Tonton hakuogopa. Hilo ndilo lililoniumiza. "Likambo te," aliniambia, haina neno. "Si tuko na wingu yako?"

Aliazima kompyuta kwa rafiki yake, tukakaa kwenye cyber moja ya Makiso ambako mtandao ulikuwa na nguvu kidogo. Niliingiza neno la siri. Picha zikaanza kushuka, polepole, kila moja na jina lake, jina la baba, na mwaka. Tonton alizishangilia. "Angalia huyu! Nani alisema ameungua?" Alimwita mwenye cyber aje aone. "Huyu kijana ni wa dada yangu. Hakusoma, mais angalia. Anarudisha watu!"

Mimi nilikuwa nikitazama mwisho wa orodha, nikijua pale itakapokatika. Ilipokatika, tonton akanigeukia.

"Zingine?"

"Ndizo hizi, tonton."

"Zenye hazikuwa na jina?"

Aliweka mkono juu ya meza na kuangalia kioo. "Mama ya makayabu," akasema. Halikuwa swali.

Nilijaribu nilivyoweza. Nilikwenda shuleni kwa yule mtoto nikiomba picha iliyobandikwa kwenye dossier. Préfet, mkuu wa shule, aliniambia dossier za mwaka ule zilikwisha kuondoka na hakujua ziko wapi. Niliwatafuta wenzake wa darasani. Mmoja alikuwa na picha ya kundi ambamo marehemu alionekana bega tu, nyuma ya mwingine.

Mama alirudi kabla ya Pasaka kama alivyosema. Tonton alimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, kwa kuwa hatukuwa na kingine. "Mama, courant ilirudi vibaya," akasema. "Ilikula machine. Ilikula na mutoto. Unisamehe."

Mama aliuliza kama hakuna namna. Tonton akasema hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pazia. Maneno yangu yalikuwa tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile ya cyber, na kwa sababu nilikuwa nikitafuta namna bora ya kuanza, mama akawa amekwisha kusimama na kutoka. Kwa hiyo umeme ukabeba kosa langu.

Siku ya kuanua matanga tulikwenda wote wawili, tonton akiwa na kamera. Mbele, mahali picha ya marehemu inapowekwa, palikuwa na kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe, na juu yake shati la shule, limepigwa pasi na kufungwa vifungo vyote. Mshumaa uliwekwa pembeni. Watu walikuja, walisimama mbele ya shati, walijipiga ishara ya msalaba. Tonton alipiga picha za familia, za wazee, za vyakula. Alikiepuka kiti.

"Piga na kiti," mama akamwambia.

Akakipiga.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni Mangobo. Mama alikuwa akipanga samaki juu ya karatasi. Safari hii sikutafuta namna ya kuanza.

"Mama, si umeme. Picha ya mtoto ingekuwa kwenye wingu, ingerudi. Mimi ndiye niliyekataa kuipandisha, kwa sababu sikuwa na jina lake lote. Niliona haya kukuuliza."

Alinitazama. "Jina?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniuliza, ningekuambia."

"Najua."

Alirudi kwenye samaki wake. Nilidhani imekwisha. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Lakini wewe ulimuona. Kwa machine."

"Nilimuona."

"Alikuwa namna gani?"

Nikamwambia. Mimi ni mtu wa kuona vitu vidogo, ni ugonjwa wangu. Nilimwambia kwamba hakucheka, lakini midomo ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Kwamba juu ya nyusi ya kulia palikuwa na kovu dogo. Kwamba kichwa kiliinama kidogo upande wa dirisha. Kwamba kola ya shati ilikuwa imesimama upande mmoja, na mimi nilipoiona nilitaka kuilaza.

"Ile kola," mama akasema. "Nilimuambia mbele ya kutoka. Nilimuambia, tengeneza kola, wataona hauna mama."

Alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mteja alikuwa amesimama karibu yetu akiwa ameshika samaki mkononi, hajui aulize bei au aondoke.

"Na nywele?" mama akauliza.

"Zilikuwa fupi. Zimenyolewa juzi tu."

"Na macho?"

Nilianza kueleza macho, nikashindwa. Nilikuwa nimeyaangalia kama nilivyoangalia macho ya watu wote katika kazi ile, kuona kama hayana wekundu wa taa. Hayakuwa na wekundu. Zaidi ya hapo sikuweza kumwambia.

Alichukua samaki mwingine, akampanga. "Bon," akasema. "Sasa enda. Watu wananingojea."

Nilimweleza tonton kwamba nimesema. Aliendelea kufuta lenzi ya kamera. "Mimi pia nilikuwa hapo wakati ulikataa," akasema. "Ningekuambia, andika tu, na ungeandika. Nilikuachia kwa sababu unajua kompyuta." Sikulipenda jibu hilo. Nilitaka anikasirikie.

Tangu hapo mambo haya yamebadilika. Kila picha inayopigwa studio inapanda kwenye wingu siku hiyohiyo, yenye jina na isiyo na jina. Tonton anaandika majina anavyotaka, nami sisahihishi. Diski ya nje inalala nyumbani kwake. Kila mwezi tunachukua kompyuta ya kuazima na kujaribu kurudisha picha kadhaa, tuone kama kweli zinarudi. Nikikosa jina la mtu, namwuliza mwenyewe papo hapo, hata akiwa analia. Mama wa makayabu haji tena kwetu. Akiwa na shida ya picha, anakwenda studio nyingine.