Nasir wa Kibomet na Pipa la Radi

Kuna watu chuki inawakondesha. Nasir wa Kibomet, pale Kitale, yake ilimnenepesha. Shule aliacha darasa la sita, na ukimwuliza kwa nini, anasema walimu walikuwa wamefika mwisho wa kile wanajua. Tangu hapo anachomelea vyuma: mageti, matela, na zaidi matangi ya maziwa ya stenlesi isiyoshika kutu, ambayo hayataki hata tundu la sindano, kwa sababu maziwa ikijificha kwa ufa inaoza. Matangi ndiyo yalimletea Daktari Wakhungu.

Daktari anafundisha fizikia kwa chuo kimoja huko Kanduyi, Bungoma. Mwaka juzi alikuja na mchoro wa pipa, akitoka kwa mafundi watatu ambao walimcheka tu. Alitaka pipa la stenlesi ambalo likinyonywa hewa yote, ya nje isipate njia ya kuingia. Ndani unaweka gesi kidogo, unapiga umeme, gesi inageuka plasma, ile kitu radi imetengenezwa nayo. Nasir aliuliza ikishawaka itapika nini. Daktari akasema haipiki kitu, serikali inatoa ruzuku ili watu wajue tu vile plasma inajibeba. Nasir alipenda hiyo maneno sana. Maisha yake yote watu walimlipa kwa kitu cha kufunga ama kubeba, na hapa kuna serikali inalipia kujua.

Miezi minne alilala na hilo pipa kichwani. Alichomelea kutoka ndani, vile anafanya matangi ya maziwa, ndiyo hewa isipate mahali pa kujificha. Siku liliwaka, mwanga wa zambarau ulijaa kwenye kadirisha ka kioo, na Pauline, anayeshika maabara, akasema hajawahi kuona mshono safi hivyo. Nasir akamwambia hata yeye hajawahi. Kisha akagonga jina lake kwa chuma, chini ya dirisha: NASIR, KIBOMET.

Ruzuku ya kwanza ikatoka, na chuo kikafanya sherehe. Nasir alifika na kanzu mpya, viatu vinang'aa. Askari wa geti akapiga simu ndani, akarudi kusema Daktari ameagiza fundi angoje nje, atakula na madereva. Wiki hiyo Pauline alimwambia mengine. Jina lake kwenye pipa lilikuwa limesagwa na grainda mpaka likaisha. Na kwa ripoti ya serikali kumeandikwa kwamba mtambo ulibuniwa na kuundwa na Daktari Wakhungu kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa mikono yake. Nasir alitafuna hayo maneno mwaka mzima. Hakuenda kugombana, hakupiga simu. Alitaka jina lake lirudi, na alitaka litoke kwa mdomo wa Daktari, watu wakisikia.

Mwaka huu ikaja ruzuku ya pili, kubwa, ya miaka mitatu. Wakaguzi wangetoka Nairobi waone pipa likiwaka. Sasa unajua sisi serikali ikija kututembelea: mawe inapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa, hata mbuzi asiposonga atapakwa. Daktari aliona pipa limechakaa, akaamuru lipigwe rangi ya fedha. Nje na ndani. Pauline alikataa, akaambiwa yeye kazi yake ni kuosha vyombo.

Pampu ilinyonya siku tatu na geji, ile ya kupima hewa iliyobaki, ikakataa kushuka. Pauline akampigia Nasir, na Nasir alicheka mpaka akazima mashine ya kuchomelea. Rangi ikiwa ndani ya pipa lisilo na hewa inajamba mvuke mchana na usiku, hakuna pampu inaweza kuimaliza. Akamwomba Pauline anyamaze siku mbili tu. Pauline akasema kazi yake pia iko hapo. Nasir akasema anajua, ndiyo maana anakuja.

Alifika siku ya wageni na ile kanzu, na safari hii Pauline ndiye alimwingiza. Daktari akamvuta kando.

"Nasir, ndugu yangu, niambie pipa lina nini."

"Mimi si ni wa kula na madereva?"

Mkubwa wa wakaguzi, Madam Jepkoech, alikuwa ameinama kwa geji. Hakuwa mgeni wa mapampu. Aliuliza bila kugeuka, "Daktari, unasema uliliunda mwenyewe. Mshono ulichomelewa kutoka upande gani?"

"Nje, Madam."

Pauline akaangalia sakafu. Nasir akakohoa, kikohozi cha mtu ambaye si mgonjwa.

"Na wewe mzee ni nani?"

"Muulize Daktari. Ananijua."

Daktari aliangalia geji, bado imekataa kushuka. "Huyu ndiye aliliunda."

"Sauti, Daktari," Nasir akasema. "Pampu inapiga kelele."

"Nasir wa Kibomet ndiye aliliunda. Mimi nilichora tu."

Madam Jepkoech akapiga mstari kwa ripoti, akaandika jina jipya juu yake, akawapa mpaka kesho saa sita pipa liwe limewaka. Kesho yake liliwaka na ruzuku ikatoka, lakini hiyo si sehemu Nasir hupenda kuhadithia.

Anapenda kuhadithia ile mchana ya siku ya wageni. Aliwaambia rangi lazima itoke yote, kwa sandpepa na thina ya kuyeyusha, na mdomo wa pipa unatosha mtu mmoja. Pauline akaanza kukunja mikono ya nguo.

"Si wewe, dada yangu. Ripoti ilisema mikono ya Daktari."

Daktari akavua koti. Akaingia kichwa na mabega, feni ikimpulizia mgongo, na wanafunzi wakapata sababu za kupita pale mlangoni. Nasir aliletewa kiti na chai. Kila baada ya muda, mpaka jioni, alimulika ndani na tochi.

"Upande wa kushoto umeacha, Daktari. Rudi hapo."

Upande wa kushoto ulikuwa safi tangu saa nane.