Kumngoja Mtoto Ajibu

Kuna asubuhi moja kwenye shule ya Kanyosha, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado ninacheka peke yangu, hata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Usikasirike nikikuita mwanangu. Najua mimi si mzee. Mama yangu mpaka leo akinituma dukani ananiita mutoto. Lakini umekuja kuniuliza jambo zito, uchague kozi ya ualimu au ile ya kutengeneza vipindi vya redio na video. Na mtu akiulizwa jambo zito inabidi avute kiti, akae vizuri, ajifanye mkubwa kidogo. Basi mimi kiti nimeshavuta.

Mimi ni mtu wa mtaa wa Buyenzi. Nimezaliwa katikati ya gereji na kelele za nyundo, na nyumbani kwetu ni Kiswahili toka tunaamka mpaka tunalala. Kusoma sikusoma sana. Sekondari niliimaliza kwa kujikokota, na chuo kilichonipokea kilikuwa cha walimu. Asubuhi tulijifunza kufundisha. Mchana, waliotaka walijifunza kutengeneza masomo ya kusikiliza na ya kutazama. Asubuhi mimi nilikuwa nasinzia, nakwambia ukweli. Mchana nilifika hata mlango haujafunguliwa. Toka mdogo nilikuwa na ndoto moja tu: sauti yangu itoke redioni, wanawake wa Buyenzi wapunguze moto chini ya maharage ili wanisikie vizuri.

Sasa sikiliza mtego ulipokuwa. Mwisho wa mwaka wa kwanza, kila wanafunzi wawili walitakiwa kurekodi somo moja, lipelekwe shule ya msingi, lichezwe mbele ya watoto wa kweli. Watoto wakilifuata, mnaendelea na studio mwaka wa pili. Wasipolifuata, mnaaga studio, mnabaki na chaki peke yake. Kwangu hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa niache nusu ya moyo wangu mlangoni.

Mwenzangu aliitwa Evariste, kijana mrefu wa mtaa wa Kinanira, fundi wa kompyuta na bingwa wa mizaha. Somo letu lilikuwa la Kiswahili, kwa watoto wa darasa la tatu. Nilifurahi sana. Kiswahili! Kitu nilichonyonya na maziwa! Studio yetu ilikuwa stoo ya madawati mabovu, tukatundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Nikakaa mbele ya mikrofoni, nikauliza maswali yangu, nikasifu, nikaaga. Halafu Evariste akaanza montaji, ile kazi ya kukata sauti na kuiunganisha.

"Zaituni, we unapumua kama mutu amepanda mlima na gunia la mihogo. Ngoja nikukate."

"Kata, lakini sauti yangu usiiguse."

"Sauti nakuachia. Nakata pumzi tu, na hivi vimya vyako."

Vimya alivikata vyote, na mimi nikamshangilia. Mwalimu wetu wa sauti, Monsieur Léopold, alitufundisha hivyo. Kila siku alitugongea meza: kimya hewani ni shimo, msikilizaji akitumbukia hatoki, anahamia stesheni nyingine. Somo letu likatoka limebana, linakimbia, linang'aa. Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama mtu anayepigwa picha.

Ndiyo ikafika hiyo asubuhi ya Kanyosha. Mwalimu wa darasa alikuwa Madame Consolata, mama mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye amefundisha watoto na sasa anafundisha watoto wa wale watoto. Aliweka spika yetu juu ya meza yake, akaifutia vumbi, akajitoa pembeni. Monsieur Léopold alikaa nyuma, miguu mirefu imekwama kwenye dawati la watoto.

Sauti yangu ikatoka: "Hamjambo, watoto?"

Darasa zima likasimama. Heshima hiyo, mwanangu! Wakasimama kwa ajili ya spika kama ni mwalimu aliyevaa sketi. Lakini kabla hawajasema "hatujambo", sauti yangu ilikuwa imeshawaambia wakae, imeshataja jina la somo, imeshafika kwenye swali: "Nani anaamka wa kwanza nyumbani kwenu?"

Vidole vikaenda juu. Vinalia, ta, ta, ta, vile watoto wetu wanavyovipiga wakitaka kuchaguliwa. "Mimi, Madame! Mimi, Madame!" Wanaielekezea spika. Wanaingoja iwatazame. Na spika ikasema kwa furaha kubwa: "Vizuri sana! Mmejibu vizuri sana!"

Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Watoto wakatazamana. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinama kuchungulia nyuma ya spika, nadhani alitaka kuona kama kuna darasa lingine ndani. Wenzake wakacheka. Evariste naye akacheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. Swali la pili vidole vikapanda tena. Vizuri sana! La tatu, vidole vikawa vichache. Ukweli, mi naweza kuvumilia mtu anitukane, lakini kuona vidole vya watoto vinashuka kimoja kimoja, apana, hilo sikuliweza. Kabla somo halijafika katikati, walikuwa wanachora kwenye madawati.

Monsieur Léopold alifunga kalamu yake. "Sauti safi," alisema. "Lakini watoto hawako nayo. Mnajua sheria."

Nilijua. Madame Consolata akamgeukia kwa upole kama anamwomba chumvi. "Monsieur, waachie wiki moja. Wakishindwa tena, hata mimi sitakusumbua." Yeye akafikiri, akakubali, akatuonya kwamba ni mara moja tu, akaenda.

Mimi nikaenda kulia nyuma ya vyoo vya shule, mbele ya mbuzi aliyekuwa anatafuna karatasi bila kujali. Madame akanikuta huko. Hakunipa leso, hakuniambia nyamaza. Aliniuliza tu:

"Zaituni, ile vizuri sana ulikuwa unamwambia nani?"

"Watoto, Madame."

"Watoto gani? Hawa wangu hawajasema kitu."

Nikajifuta pua kwa kiganja. Madame akaendelea:

"Sikia, binti yangu. Kwenu Buyenzi, Kiswahili kinaamka na nyie. Hawa wangu wanaamka na Kirundi. Swali lako likiingia kichwani mwao linapita kwanza kwenye Kirundi, linazunguka huko, ndiyo linatafuta mlango wa kutokea. We ukisikia kimya unafikiri hakuna mutu. Kumbe wako njiani wanakuja. Sasa ukiwapigia makofi kabla hawajafika, wafike kufanya nini?"

Akafuta miwani yake kwa kitenge, akarudi darasani. Maneno yake yaliisha hapo, mwanangu. Lakini siku ile nilijifunza ualimu kuliko asubuhi zote nilizokuwa nasinzia.

Kumweleza Evariste ndiyo ikawa vita.

"Turudishe vimya? We Zaituni una homa? Monsieur atatupa sufuri yenye masikio!"

"Sufuri tunayo tayari."

"Basi weka muziki hapo katikati. Ngoma kidogo."

"Wewe ukiwa unatafuta neno, mtu akikupigia ngoma sikioni, utalipata?"

Akanuna. Lakini Evariste hata akinuna ana moyo mzuri, na kesho yake alibeba mikrofoni, tukarudi Kanyosha. Tulimwomba Madame afundishe somo lilelile kwa mdomo wake, sisi turekodi. Evariste akavaa vile vifaa vya masikioni, akakaa chini karibu na ubao. Madame akauliza: nani anaamka wa kwanza nyumbani kwenu? Akakunja mikono, akangoja. Mimi nilisikia kimya. Evariste alikodoa macho. Akanipungia mkono, akavua vile vifaa, akanivalisha.

Natamani ungesikia. Kulikuwa na minong'ono ya Kirundi chini ya meza. Kulikuwa na kalamu inagonga jino. Mtoto mmoja alikuwa analijaribu neno polepole, anaa, anaam, anaamka, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwingine akamsahihisha. Midomo ilikuwa inafanya kazi darasa zima.

"Hii si shimo," Evariste aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Hii ni kazi. Mi nilikuwa nakata kazi ya watu."

Tukarekodi upya. Baada ya kila swali niliwawazia wale watoto, midomo yao, nikanyamaza mpaka nione wa mwisho amevuka. Evariste akiwa kwenye montaji mkono ulimwasha, lakini hakukata.

Wiki ilipokwisha, Monsieur Léopold akarudi kukwama kwenye dawati lake. Sauti yangu ikasalimia, ikangoja, watoto wakapata nafasi ya kusema "hatujambo" yao yote na kukaa. Halafu swali: "Nani anaamka wa kwanza nyumbani kwenu?" Na kimya.

Kimya, mwanangu. Kile ambacho chuoni tulikiogopa kama moto. Monsieur akatazama spika. Akamtazama Evariste. Akatazama waya. Mwisho akashindwa, akainuka, akaanza kuja mbele kuangalia kama umeme umekatika, si unajua umeme wetu. Alipofika mbele na kunyoosha mkono, msichana wa mstari wa mbele, yuleyule aliyechungulia nyuma ya spika, akaikinga spika kwa mikono miwili.

"Acha, Monsieur! Haijakufa. Inatungoja."

Kwa Kiswahili. Mtoto wa Kanyosha, Kiswahili kinyoofu, hakuna aliyemfundisha sentensi ile. Monsieur alibaki na mkono hewani. Na nyuma yake majibu yakaanza kufika: "Mama! Mama anaamka wa kwanza!" "Bibi yangu!" "Jogoo!" Wakamcheka wa jogoo, naye akasisitiza kwamba ni kweli kabisa. Ndiyo sauti yangu ikasema: "Vizuri sana!" Na safari hii ilikuwa na watu wa kuipokea.

Monsieur Léopold akarudi kukaa taratibu. Somo likaisha, akaja akasimama mbele yetu. "Nilikuwa nafundisha redio," alisema. "Nyie mmetengeneza somo. Mwaka wa pili nitawaona studio." Evariste alinikanyaga mguu kwa furaha, kiatu kizima.

Basi, mwanangu, umeniuliza uchague ipi. Ukipenda chaki, chagua chaki. Ukipenda mikrofoni, nenda kwenye mikrofoni, mimi sitakuzuia ndoto, nami naishi kwa ndoto. Ila popote utakapoingia, usije ukaipenda sauti yako kuliko mtu anayeisikiliza. Kozi ya sauti itakufundisha kusema vizuri, na ujifunze kwa bidii, maana sauti mbaya inachosha watu. Lakini usisinzie asubuhi kama mimi, kwa sababu huko ndiko utafundishwa kumngoja mtu. Ukiuliza, ngoja. Mtoto akichelewa kujibu usimwite mjinga, yuko njiani anakuja, na anakuja kwa lugha mbili. Na wewe mwenyewe ukichelewa kufika unakotaka, usijikate haraka. Jipe nafasi ya kuvuka.

Haya, kiti kinanichosha sasa, si unajua sikuzoea ukubwa. Nenda ukaandikishe jina. Mungu akupe walimu wasiokuchoka, akupe mwenzako wa kukuchekesha siku ukilia, na sauti yako itakapotoka, iwe kwenye spika au mbele ya ubao, akupe watoto wenye hamu ya kukujibu, na moyo wa kuwasikia mpaka wa mwisho. Amina.