Kisu cha Michembe

Wivu wangu wa kwanza ulikuwa wa kovu. Alikuwa nalo binti wa mama mkubwa, tuliyelingana umri na kulala kitanda kimoja. Alilipata kwenye kidole gumba akikata viazi vitamu kwa kisu cha mama, kile chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Damu ilitoka, mama akamfunga kitambaa, kisha, na hapo ndipo roho iliponiuma, akamrudishia kisu.

Mimi sikukigusa. Msimu wa viazi wanawake walikaa uani kwetu, nje kidogo ya Nyahanga, wakikata vipande vya kukaushwa viwe michembe. Kazi yangu ilikuwa kubeba ungo, kupanda jabali lililo nyuma ya nyumba, kuvianika juani na kufukuza mbuzi. Nikiwa kule juu nilimwona mwenzangu amekaa katikati ya wakubwa, anakata, anataniwa, anasikia umbea wote. Nilitamani kisu kimteleze tena, safari hii vizuri zaidi.

Nilipomuuliza mama kwa nini yeye, hakunizungusha.

"Mama yake anao wengine. Mimi ninaye wewe tu."

Kabla yangu alikuwa amezika wawili. Nililijua hilo, na halikunisaidia kitu. Mwenzangu alipendwa kidogo akapewa kisu. Mimi nilipendwa sana nikapewa mbuzi.

Sasa nina duka la vyombo Kalangalala na ninauza visu vya kila namna. Likizo ya shule iliyopita nilimchagulia mama kilicho bora, nikasafiri na binti yangu, ambaye amefikia umri niliokuwa nao wakati ule. Nilijiona nimeshaketi pale uani hatimaye, nakata. Mama alikipokea, akajaribu makali kwenye ukucha, akashukuru sana. Kisha akamwita mjukuu wake.

"Shika, mayu, mama yangu. Kidole gumba kikae mbali na makali."

"Mama, atajikata," nikasema.

"Akijikata tutamfunga."

Akanisogezea ungo. Niliutazama, mwanamke mzima na mvi zangu. Mtoto hata kumenya hajui, na keshapewa.

"Mimi hukunipa hata siku moja. Kwa nini yeye?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kiazi chake.

"Huyu ni wa kwako. Wa kwangu ni wewe."

Binti yangu akacheka. Ungo ulipojaa niliuchukua nikapanda jabalini. Vipande vyake nilivitambua mara moja: vinene upande mmoja, vyembamba upande wa pili, vya kuchelewa kukauka. Nilifurahi, sitaficha. Nikavitandaza pamoja na vya mama, nikafukuza mbuzi, na kila mara nikatupa jicho uani kuangalia kama kuna damu.