Nilichechemea kwa Goti la Mama

Kosa ni langu, hakuna shetani aliyenishika mkono. Mkitaka kunicheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshachoka kujicheka.

Shule niliiacha darasa la tano. Masomo hayakunishinda, kutulia ndiko kulikonishinda. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kwetu kununua korosho, nikawa kuli wa malori yao: leo Mkunya, kesho Masasi mjini, keshokutwa sijulikani. Na kila nilipofika nilitaka kujua: hiki kinafanyaje kazi, ndani yake kuna nini? Udadisi ungekuwa na cheo, ningekuwa waziri!

Mama yangu alikuwa akiishi Kitangari, kijijini kwetu, magoti yameisha kwa kushuka bondeni na kupanda na ndoo ya maji. Asubuhi alisema "Yesu wangu" mara tatu kabla hajasimama.

Siku moja mganga wa zahanati akamwambia kwamba hospitali moja kubwa kule chini ya mlima inatafuta watu wenye maumivu ya magoti, kwa ajili ya utafiti wa dawa. Mama hakuweza safari ya kubahatisha. Akaniita.

"Wewe miguu yako haina breki. Shuka ukaniulizie wananichukua lini."

Nikashuka. Jamani, si ningeuliza tu nikarudi! Lakini pale niliona wanaoandikishwa wanapigwa picha ya eksirei, kisha daktari anaiweka kwenye taa, mtu anaonyeshwa mifupa yake mwenyewe. Mifupa yangu sikuwahi kuiona! Na mchana kulikuwa na wali kwa maharage.

Muuguzi akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

"Mimi," nikasema. Nikachechemea.

Nilichechemea vizuri, maana mwalimu nilikuwa naye nyumbani. Mkono kiunoni, mguu wa kushoto ukiburuta, hata lile "Yesu wangu" nililitoa kwa sauti ya Mama.

"Pole, mdogo wangu. Kijana hivi!"

Daktari alitazama picha yangu, akakuna kidevu. Mifupa haionyeshi kitu, akasema, lakini maumivu anayajua mwenyewe. Akaniamini!

Muuguzi akanisomea fomu polepole. Wengine watapata dawa, wengine vidonge visivyo na dawa, na hata yeye hajui nani kapata kipi. Vidonge vyangu nisimpe mtu mwingine. Kila kaya mtu mmoja tu, vidonge visije vikachanganyika. Hapo ndipo nikang'amua: nafasi ya Mama nimeshaikalia. Akauliza, "Umewahi kuugua vidonda vya tumbo?" Sijawahi. Tumbo langu linasaga mawe. Nikatia sahihi, nikapewa vidonge.

Nyumbani Mama alikuwa anangoja mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Wamekupa dawa hii, Mama. Wamesema usisumbuke kushuka."

Akanishika kichwa akaniombea. Mwongo kama mimi, naombewa!

Nilijidai kwamba kwa kumpa vidonge namrudishia haki yake. Kusema kweli, nilitaka pia kujua kama vina dawa. Nikawa mimi daktari, Mama ndiye goti. Kila wiki nilishuka, nikachechemea, nikatia alama kwenye karatasi yenye picha za nyuso, kuanzia uso unaocheka mpaka unaolia, kulingana na Mama alivyoamka. Wiki ya tatu akashuka bondeni bila fimbo. Dawa ipo! Nani mtaalamu kama mimi?

Wiki ya nne akaanza kushika tumbo. Alinyamaza, akidhani ni mabibo aliyokula shambani. Kisha akatapika damu.

Lori la korosho lilitushusha, Mama kalala juu ya magunia, mkono wake baridi ndani ya wangu. Tulipofika nikamweka mgongoni nikakimbia. Nilikimbia kama paa, nikapita mbele ya muuguzi yuleyule.

Alingoja Mama aongezewe damu na kufumbua macho. Ndipo akamwuliza, "Mama, shikamoo. Umekunywa dawa gani?"

"Marahaba, mwanangu." Mama akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti. "Hizi mlizonipa."

Muuguzi akasoma namba. Kisha akayatazama magoti yangu.

"Haya yamepona lini?"

Nikainama kulishika goti la kushoto, naye akaendelea:

"Angekuja Mama mwenyewe ningemwuliza habari za tumbo."

"Tumbo?" Mama akasema. "Vidonda ninavyo tangu nimzae huyu."

Nikaungama yote palepale, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza. Wakanifuta kwenye daftari, na nyuso zangu zote zikawa takataka. Tumbo la Mama lilipona. Magoti yakarudi kuuma vilevile, na dawa za namna ile haruhusiwi tena kuzigusa.

Tangu hapo nachota maji mimi. Malori yanapita, makuli wananipigia mluzi, nami nina ndoo kichwani. Miaka imepita, na sasa goti langu la kushoto linauma kweli. Juzi Mama alinitazama nikipandisha kutoka bondeni, akatikisa kichwa.

"Zamani ulichechemea vizuri zaidi."

Tukacheka, ila mimi niligeuka nikafuta macho.

Ndugu zangu, mkisikia utafiti wa dawa, nendeni, ulizeni, msiogope. Lakini maswali yale huulizwa mwili wenye maumivu, na vidonge vinabaki kwa aliyeulizwa. Muuguzi akisema "Mgonjwa ni nani?", mtajeni mgonjwa.