Gunia Lenye Namba Nyingine

Ninyi vijana mnaokwenda viwandani, someni haya, na msinionee huruma.

Siku ya kwanza kwenye kiwanda cha mabomba, Kahama, Fundi Mkuu alinipa beleshi akasema, "Mama Masanja, kazi yako kulisha mashine. Plastiki ni uji. Unga ukibadilika, moto nao ubadilike."

Chembe za plastiki ziliingia juu, parafujo kubwa ikazisukuma ndani ya pipa la moto, bomba likatoka mbele na kupita kwenye maji. Kila gunia lina namba yake ya kuyeyuka. Namba ndogo ni uji mzito, unataka moto na nguvu. Namba kubwa ni uji mwepesi. Ukiupa moto uleule bomba linabonyea, ubavu mmoja unabaki mwembamba. Mimi kusoma sikujaliwa sana. Niliyeyusha chembe kwenye kijiko, nikavuta uzi kwa kijiti. Uzi uliniambia yote.

Miaka tisa niliungoja ukuu wa zamu. Wakampa Mama Neema, wa kidato cha nne, aliyenikuta palepale. "Shikamoo mama," ananiamkia kila asubuhi. Adabu yake hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Asubuhi moja yaliletwa magunia ya rangi ileile, namba nyingine. Hakuisoma. Kwenye kijiko changu uzi uliteleza kama mlenda, na bomba nikaliona linalegea. Nikanyamaza. Nilitaka aanguke, kiti nikikalie mimi.

Bomba lile lilipasuka kwenye machimbo ya Segese, likivuta maji kutoka shimo la wachimbaji. Walipanda kamba maji yamewafika kifuani.

Fundi Mkuu akatukusanya. "Nani aliliona hili?"

"Zamu yangu, kosa langu," akajibu Mama Neema. Kisha akanigeukia. "Mama, wenzetu wanasema unapima kwa kijiko. Nifundishe."

"Kwani cheti chako hakifundishi?"

Watu wakacheka. Yeye akaenda kuleta daftari, akaandika nilivyomwonyesha.

Kiti hakunyang'anywa. Tangu hapo kila gunia likapimwa, na kiwandani wanakiita kijiko cha Mama Neema. Cha Mama Neema! Nimestaafu, na jina hilo bado linanichoma. Naye mpaka leo hajui kwamba siku ile niliona.

Kila Jumapili akitoka kanisani hupita kunijulia hali, nami huwatuma wajukuu waseme nimelala. Juzi niliwaambia wote nyumbani, "Akija tena, mleteni chumbani kwangu. Kisha tokeni nje, mfunge mlango. Nina la siku ile la kumwambia."