Shoka la Mama

Juzi pale sokoni Igogo nilimwona mwanamume akimpa mkewe shoka alipime uzito, nikageuza uso.

Nilipokuwa mdogo, alasiri moja Baba alitupeleka sokoni, mimi na Mama, kununua shoka. Harufu ya dagaa walioanikwa ilitufuata hadi kwa mhunzi. Baba aliyanyanyua mashoka makubwa, akayarudisha, kisha akachagua dogo lenye mpini mwembamba.

“Hilo ni la mwanamke, mzee,” mhunzi alimwambia akicheka.

Baba alimgeukia Mama. “Mama Neema, hebu linyanyue.”

Mama alilinyanyua, akaliangalia, wala hakusema ahsante. Nilidhani hajaipenda zawadi yake.

Nyumbani Baba alikaa kwenye kigoda, amevaa sweta juani, akawa anamwelekeza. “Usipige katikati. Tafuta ufa, uufuate.” Gogo la mkaratusi lilinukia kama dawa ya kuchua kifua. Mama alipiga akakosea, akarudia, akakosea tena. Nilicheka, maana sikuwahi kumwona akichanja kuni. Hiyo ilikuwa kazi ya Baba. Uso wa Mama ulilowa, nami nikaona ni jasho tu. Gogo lilipopasuka nilipiga vigelegele. Baba naye alipiga makofi, taratibu, mpaka kikohozi kikamkatiza.

“Endelea,” alisema. “Pasua na mengine.”

Mama aliendelea hadi giza likaingia. Kuni nilizipanga mwenyewe ukutani, nikijivunia wingi wake. Ndizo zilizopikia msiba wa Baba, na hazikutosha.